Kunyoosha Mlango Uliobonyea: Bati Kwanza, Puti Baadaye

Nitatumia mlango wa nyuma wa Toyota IST kama mfano, kwa kuwa gari hilo limejaa barabarani Dar es Salaam na milango yake hugongwa kila siku: bajaji inapenya kwenye foleni, bodaboda inakata kona vibaya, mtu anafungua mlango wake kwenye maegesho bila kuangalia. Bati la nje la mlango huo ni chuma cha kawaida, na unene wake haufiki hata milimita moja. Anayeweza kulinyoosha hilo vizuri ataweza pia fenda na boneti za magari mengi ya chuma yanayoingia gereji.

Kazi ya mbonyeo ina sehemu mbili, bati na rangi, na kwenye gereji nyingi za mtaani sehemu ya bati ndiyo inayolipuliwa. Nyundo inapigwa dakika chache, kisha inafuata puti, ule uji mzito wa kujazia mabonde ambao hukauka na kuwa mgumu, nusu kopo. Gari linatoka linang'aa, mwenye gari anapiga picha, analipa. Masika yakipita, puti inaanza kuonyesha ufa mwembamba pembezoni, halafu rangi inavimba, halafu kipande kizima kinadondoka siku mtu akibamiza mlango. Ndiyo maana humu nimekaa sana kwenye nyundo na kidogo kwenye rangi. Puti ni ya kuziba mikwaruzo na vibonde ambavyo nyundo haikuvimaliza. Umbo la mlango linarudishwa na chuma chenyewe.

Kagua kabla ya kutaja bei

Fungua na ufunge mlango mara kadhaa. Sikiliza kama unakwaruza chini au unang'ang'ania kwenye kitasa. Kisha angalia mwanya kati ya mlango huo na ule wa mbele, na kati yake na bodi ya nyuma, halafu zunguka upande wa pili wa gari ukalinganishe. Mwanya unatakiwa uwe sawa kuanzia juu hadi chini. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, ama bawaba zimepinda au nguzo ya katikati imesogea.

Bawaba ni kazi ndogo. Nguzo ni habari nyingine. Hiyo ndiyo inayomkinga abiria gari likigongwa ubavuni, na kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni hutengenezwa kwa chuma kigumu maalumu. Chuma hicho ukikichoma kwa gesi kinapoteza ugumu wake, na kwa macho huoni tofauti yoyote. Nguzo iliyoingia ndani ipeleke kwenye gereji yenye benchi la kuvutia bodi na vipimo vya kiwandani. Kuikataa kazi hiyo si aibu.

Sasa toa kava la ndani la mlango uchungulie kwa tochi. Utaona upau mnene wa chuma umelala kutoka mbele kwenda nyuma. Kazi yake ni kuzuia gari jingine lisiingie hadi kwenye kiti. Upau huo ukiwa umepinda, mlango haunyooshwi, unabadilishwa. Hapo ndipo mazungumzo na mteja yanapokuwa magumu:

"Bosi, huu mlango ni wa kubadilisha. Chuma cha ndani kimepinda."

"Fundi, si unyooshe tu? Mbona nje haujaumia sana."

"Nje nitanyoosha na utapendeza. Ila siku ukigongwa tena hapo, bosi, hakuna cha kukukinga."

Mlango wa mtumba wa IST si wa kutafuta kwa shida kwenye maduka ya spea pale Ilala na Gerezani, na mara nyingi ukijumlisha siku za kazi, vifaa na rangi, unakuta kubadilisha ndiko nafuu. Mpigie mteja hesabu zote mbili mbele yake, aamue mwenyewe. Ukiamuliwa mlango wa mtumba, chagua usiooza kwenye pindo la chini hata kama rangi yake si ya gari hilo. Rangi utapaka, pindo lililooza litakusumbua.

Kipimo kingine ni sumaku. Funga sumaku ndogo kwa kitambaa chembamba uipitishe polepole juu ya bati lote. Inapolegea au kudondoka, chini yake kuna puti nene ya zamani. Wateja wengi wanaamini gari lililotoka Japani halijawahi kuguswa na fundi. Yapo yaliyonyooshwa huko huko kabla ya kupanda meli, tena kwa ustadi. Ukikuta puti ya zamani, mwite mwenye gari aone na mpige picha kabla hujaanza, la sivyo itahesabiwa kuwa yako. Na kama sumaku haishiki popote kwenye bati zima, huenda bati hilo ni alumini, kama zilivyo boneti za baadhi ya magari. Alumini ina vifaa vyake na joto lake. Mengi ya yanayofuata hapa hayaihusu.

Gari lenye bima lisiguswe mpaka mkaguzi wa bima amelipiga picha na kukubali gharama. Nyundo ikishapigwa, ushahidi umeondoka.

Fungua vya kufungua

Kama utatumia mashine ya umeme kuvuta bati au kuchomelea, toa waya wa hasi kwenye betri, na kwa gari lenye mifuko ya hewa subiri angalau sekunde 90 kabla ya kuendelea. Hayo ndiyo maelekezo ya Toyota wenyewe, kwa sababu mfumo wa mifuko hubakiza umeme kwa muda.

Toa kitasa, raba za kioo, urembo wa nje na spika. Karatasi ya plastiki iliyobandikwa nyuma ya kava usiichane. Ibandue taratibu kwa kisu butu uitunze kwenye kava lenyewe, kwa kuwa itarudi mahali pake. Klipu za kava huvunjika, na kwenye gari lililokaa juani miaka mingi utavunja kadhaa hata ukiwa na mkono wa upole. Nunua pakiti nzima mapema.

Jambo moja linasahaulika sana: cheche za grainda. Zikirukia kioo huingia kwenye uso wake na kuganda, na baada ya siku mbili tatu unaona vidoa vya kutu ambavyo hakuna sabuni inayovitoa. Funika kioo cha mlango unaoufanyia kazi, kioo cha nyuma, hata kioo cha gari lililoegeshwa jirani. Turubai au blanketi lililoloweshwa maji linatosha.

Soma mbonyeo

Osha bati kwa maji na sabuni, kisha limwagie maji safi ulitazame kwa pembeni. Bati lenye maji linaakisi, na mwangaza wa taa ya tyubu unaopita juu yake utajikunja kila penye kasoro. Halafu pitisha kiganja. Tumia kiganja kizima, kikiwa juu ya kitambaa chepesi, ukivuta kwa urefu wa mlango kwenda na kurudi. Ncha za vidole zinadanganya, kiganja hakidanganyi sana. Weka alama kwa chaki: mduara kwa bonde, msalaba kwa mlima.

Utagundua kwamba eneo lililoguswa na bajaji ni dogo kuliko eneo lililoharibika. Penye pigo lenyewe pana mkwaruzo na kona kali. Kuzunguka hapo kuna bati kubwa lililoingia ndani kwa kuburutwa tu, na pembeni kabisa kuna tuta lililojikunja. Tuta hilo ndilo linaloshikilia mbonyeo usirudi. Bati lililoburutwa halijatanuka, linataka kurudi lenyewe, ila limefungwa na tuta. Fundi anayeanza kwa kupiga katikati ya bonde anapigana na tuta, na kila pigo linatanua bati ambalo halikuwa na tatizo.

Kwa hiyo kanuni ni kwenda kinyume na ajali ilivyokwenda: kilichoharibika mwisho ndicho kinachonyooshwa kwanza. Pigo lilianzia katikati likaishia kwenye tuta. Wewe anzia kwenye tuta, uishie katikati.

Nyundo

Vinavyohitajika si vingi. Nyundo ya bodi yenye uso mpana na laini, nyundo ya mpira, fuawe ya mkononi (mchuma mzito unaoshikwa nyuma ya bati, na wapo wanaotumia kipande cha reli kilichosuguliwa kikang'aa), patasi butu pana, na tupa au ubao mrefu wenye msasa namba 80. Kabla ya kuanza, kagua uso wa nyundo na wa fuawe. Alama yoyote iliyopo pale itachapwa kwenye mlango kila unapopiga. Nyundo ya bodi haipigi misumari, na anayekuazima ili apigie misumari mnyime.

Sukuma bonde kutoka ndani kwa mkono au kwa nyundo ya mpira, kwa kiasi, mpaka uone bati limeanza kulegea. Usilazimishe litoke lote. Kisha weka fuawe ndani, chini ya sehemu iliyoingia zaidi, uisukume kuelekea nje kwa nguvu, na kwa nje upige juu ya tuta lililo jirani, si juu ya fuawe. Kila tuta linaposhuka, fuawe inapandisha bonde. Piga mapigo mengi mepesi kwa kifundo cha mkono. Nguvu za bega hazina kazi hapa. Zunguka tuta lote kidogo kidogo, urudi tena ulipoanzia.

Kama mlango una mstari wa bodi (mkunjo wa urembo uliotoka nao kiwandani) uliopita kwenye mbonyeo, mstari huo unyooshe kabla ya eneo lililo wazi. Weka patasi butu ndani ya mkunjo wa mstari, upige taratibu ukifuata urefu wake, na uwe unapima kwa rula ya chuma ukilinganisha na mlango wa mbele. Mstari ukikaa sawa, bati la juu na la chini yake hujipanga zaidi ya nusu lenyewe. Ukiuacha mwisho utabaki unauchonga kwa puti, na jicho la mteja litaanzia hapo hapo.

Umbo likisharudi kwa jumla, ndipo unapopiga juu ya fuawe yenyewe kumalizia vilima vidogo. Masikio yatakuongoza. Nyundo ikikutana na fuawe chini ya bati, mlio ni mkali na mfupi. Ukikosea mahali, mlio unakuwa mzito na butu, na bati linashuka. Upige kwa uchoyo lakini: kila pigo la nyundo juu ya fuawe linabana bati na kulitanua, na bati lililotanuka ni tatizo jipya ulilolitengeneza mwenyewe.

Penye bati la tabaka mbili, ambapo mkono haufiki, tumia mashine ya kuvuta: inabandika pini au pete ndogo kwa umeme, unaivuta kwa nyundo ya kutelezesha huku ukishusha tuta pembeni kwa nyundo ya kawaida, kisha unazizungusha zitoke na kusaga mabaki. Njia ya zamani ya kutoboa matundu kwa drili, kufunga skrubu na kuvuta bado inafanyika kila mahali. Siipendi. Kila tundu ni mlango wa maji kuja nyuma ya puti, na kwa hewa ya chumvi ya Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar hayo maji hayangoji mwaka. Kama huna mashine na ni lazima utoboe, yachomelee matundu yote na upake praima (rangi ya msingi) ya kuzuia kutu upande wa ndani pia. Puti peke yake haizibi tundu.

Bati linalobonyea na kurudi

Wakati mwingine umbo limerudi, lakini ukiligusa bati kwa kidole gumba linaingia ndani kwa mlio, ukiliachia linatoka. Hilo limetanuka. Ukipaka puti juu yake itapasuka, maana bati litacheza kila mlango ukifungwa.

Dawa yake ni moto kidogo. Kwanza toa kila kinachoshika moto ndani ya mlango: sponji, plastiki, nta ya kuzuia kutu. Weka ndoo ya maji na kizimamoto karibu. Kwa mdomo mdogo wa gesi, choma doa moja kwenye kilele cha uvimbe mpaka liwe jekundu, lisizidi ukubwa wa sarafu. Doa litajiinua. Haraka weka fuawe nyuma bila kusukuma, piga mapigo machache kuzunguka doa ukielekea katikati, kisha piga katikati yenyewe. Wekundu ukishaondoka bandika kitambaa chenye maji. Bati linajivuta. Gusa tena kwa kidole. Likiendelea kucheza, choma doa jingine mbali kidogo na la kwanza. Usichome doa lile lile mara mbili, na usitembeze moto ovyo juu ya bati pana, kwa sababu litajikunja kama shati lililopigwa pasi kali. Madoa mawili matatu mara nyingi yanatosha kwenye mlango.

Sasa pitisha ubao wenye msasa namba 80 kwa mshazari juu ya eneo lote. Panapong'aa ni juu, palipobaki na giza ni chini. Rudi kwenye nyundo, pitisha ubao tena. Nyundo inaacha kupigwa pale rula ikilazwa juu ya bati inapoonyesha bonde lisilozidi milimita 2. Hapo ndipo kopo la puti linafunguliwa.

Puti

Ondoa rangi yote kwenye eneo la mbonyeo na sentimita tano hivi kuzunguka, na ukingo wa rangi iliyobaki uusage ushuke taratibu, usiwe na ngazi. Futa kwa dawa ya kuondoa mafuta, kwa vitambaa viwili: kimoja cha kupaka, kingine kikavu cha kufutia kabla haijakauka. Wengi wanafuta kwa petroli. Petroli huacha utando wa mafuta na puti haishiki utando. Baada ya kufuta usiguse bati kwa mkono mtupu, na usiliache wazi hadi kesho. Jasho la kiganja likilala juu ya chuma, asubuhi unakuta alama za vidole kwa kutu.

Hadena, dawa inayochanganywa na puti ili igande, ni gramu 2 kwa kila gramu 100 za puti. Mchana wa Januari punguza ikaribie gramu 1, asubuhi ya baridi kule Arusha au Mbeya ongeza kidogo, ila usizidishe 3. Hadena iliyozidi haikaushi vizuri zaidi. Inapenya hadi kwenye rangi na kuacha doa la manjano baada ya wiki kadhaa, na doa hilo linaonekana zaidi kwenye magari meupe. Changanyia juu ya bati safi au kioo, si juu ya kipande cha boksi, maana boksi linanyonya mafuta ya puti. Kandamiza na kukunja kwa pasi ya puti (kibapa cha kupakia) mpaka rangi iwe moja. Ukikoroga kwa kasi unaingiza hewa, na hewa hiyo utaiona kama vitundu ukianza kusuga.

Una dakika nne hadi sita, pungufu kukiwa na joto. Tabaka la kwanza liwe jembamba, lisukumwe kwa nguvu liingie kwenye mikwaruzo. La pili ndilo la kujaza. Ikianza kuganda kwenye pasi, itupe. Kuongeza thina ili ilainike ni kujidanganya.

Ikikauka, suga kwa ubao mrefu ukitumia namba 80, halafu 150, halafu 240. Kuwa na ubao wakati wote, kwa sababu vidole huchimba mifereji isiyoonekana mpaka klia, ile rangi angavu ya juu kabisa inayong'aa, ikauke. Nyunyiza rangi nyeusi nyepesi sana kabla ya kila namba. Nyeusi inayobaki ndiyo inakuonyesha bonde.

Na usuge pakavu. Hili nalirudia kwa kila kijana anayekuja kujifunza, na kila mmoja ananijibu kwamba fundi wake wa kwanza alitumia maji. Puti ina unga mwingi ndani yake na hunyonya maji. Maji yanashuka hadi kwenye bati, unayafungia kwa praima na rangi, jua linapiga, yanatafuta njia ya kutoka. Hayo ndiyo malengelenge unayoyaona kwenye magari yaliyopigwa rangi juzi. Vumbi likikukera vaa barakoa. Maji yatapata zamu yake kwenye praima.

Praima

Puliza vumbi, futa, paka praima ya kuzuia kutu popote chuma kilipo wazi, kisha praima nzito ya 2K (inayochanganywa na hadena yake) mara mbili au tatu, ukiacha kila tabaka lififie, yaani lipoteze mng'ao wa umajimaji, kabla ya linalofuata. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukiharakisha itaendelea kusinyaa chini ya rangi, na mikwaruzo ya msasa itaibuka mwezi unaofuata. Hapa ndipo maji yanaruhusiwa, alimradi hukufika kwenye puti: namba 600 hadi 800. Ukitoboa praima ukaona puti, kausha na upake tena hapo.

Kinga pumzi yako

Hadena ya praima ya 2K na ya klia ina kemikali iitwayo isosianeti. Ukungu wake unaweza kukuletea pumu, na mwili ukishaikataa mara moja, baadaye hata kiasi kidogo kitakubana kifua. Kuna mafundi hodari waliolazimika kuiacha kazi hii wakiwa bado na nguvu. Kitambaa, barakoa ya hospitali na ile ya vumbi hazisaidii chochote hapa. Tumia angalau barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa vya kuzuia mvuke wa rangi, vikiwa vipya, na inayobana uso vizuri. Ndevu zinaiachia mwanya. Iliyo bora ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira. Usisubiri harufu ikuonye, kwani isosianeti huweza kukudhuru kabla hujainusa. Vaa miwani na glavu pia, na watoto wanaopenda kuja kutazama gani (bunduki ya kupulizia rangi) ikifanya kazi waondoke.

Rangi

Namba ya rangi ya Toyota iko kwenye kibati kilichopigiliwa ndani ya boneti, ukutani nyuma ya injini, au kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tafuta palipoandikwa C/TR. Ukiona 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, 070 ni nyeupe ya lulu, 1F7 ni fedha. Namba inakupa rangi ya kiwandani. Gari limepigwa jua miaka mingi, kwa hiyo mchanganyaji akikupa rangi, puliza kwenye kibati cha majaribio, paka na klia, kikauke, kisha kiweke kwenye gari ukitazame juani, kwa mbele na kwa pembeni. Fedha inaweza kufanana ukiitazama mbele na kuwa nyeusi ukiitazama kwa pembeni.

Kwa nyeupe ya kawaida unaweza kuishia kwenye ukingo wa mlango. Kwa fedha na lulu usijaribu. Fifisha rangi iingie kidogo kwenye mlango wa mbele na bodi ya nyuma, uliposuga kwa msasa laini, kisha paka klia paneli nzima. Mteja atalalamika kwamba unapaka mahali ambapo hapakugongwa. Mweleze mapema.

Toa maji kwenye tangi la kompresa kabla ya kuanza na katikati ya kazi, hasa kipindi cha masika. Mwagia sakafu maji vumbi lilale. Funika gari lote, si upande mmoja. Weka presha ya gani ipatayo baa 2, umbali wa sentimita 15 hadi 20, mkono uende sambamba na bati, na kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Rangi ni tabaka jepesi mara mbili hadi tatu, kila moja ikififia kabla ya nyingine. Klia ni tabaka mbili, na kwa nyingi kipimo ni mbili kwa moja na hadena yake, lakini kopo ndilo lenye kauli ya mwisho. Tumia thina ya klia hiyo hiyo. Thina ya bei rahisi ya rangi za selulosi ndani ya klia ya 2K inaua mng'ao.

Rudisha, kisha kabidhi

Klia ikishakauka vizuri, vumbi lililonasa lisuge kwa namba 2000 na maji, halafu polishi. Usikae muda mrefu na mashine kwenye kona na mistari ya bodi, hapo klia ni nyembamba.

Kabla ya kurudisha kava, puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya mlango, hasa kwenye pindo la chini na kila ulipochoma moto. Kisha chukua waya mwembamba uzibue matundu ya kutolea maji chini ya mlango. Puti, praima na vumbi huyaziba, na mlango uliozibwa unajaa maji ya mvua na kuoza kuanzia ndani. Bandika ile karatasi ya plastiki mahali pake pote. Ikiachwa, maji yanayoshuka na kioo yataingia kwenye kapeti, na mteja atarudi akilalamikia harufu.

Jaribu kioo, kitasa, loki ya watoto na mwanya wa mlango huku mwenye gari akiwepo. Mwambie asipake waksi kwa mwezi mmoja, vijana wa kuosha magari wasisogeze bomba la presha karibu na kingo, na kinyesi cha kunguru kioshwe kwa maji siku hiyo hiyo, kwa sababu kikikaukia juani kwenye klia changa kinaila.